Bibi Eduvina wa Mtandaoni

Yurley alitoka shule saa saba mchana. Kila siku alipita mtaa wa nyuma ya kanisa, asije akakutana na wenzake waliokuwa wakirudi nyumbani wawili wawili. Alifika, akafungua mlango, akakuta chakula chake mezani kimefunikwa kwa sahani: wali, dengu na vipande viwili vya ndizi ya kukaanga. Alikula huku ameegemeza simu kwenye glasi ya maji, ili walau kuwe na kitu kinachomtazama.

Nyuma ya nyumba, shangazi yake Nohemí alikuwa akipika halua ya mapera. Mji wao wa Vélez unajulikana Kolombia nzima kwa halua hiyo, inayokatwa vipande na kufungwa kwenye majani makavu ya bijao, mapana kama ya mgomba. Sufuria kubwa ya shaba ilichemka tangu alfajiri, na mashine ya kukamulia mapera ilinguruma kiasi kwamba aliyetaka kusema neno ilibidi apige kelele. Kwa hiyo shangazi na Yurley hawakuongea sana mchana. Jioni shangazi alikuwa amechoka, akasinzia na kikombe mkononi.

Baba yake Yurley alifariki binti huyo akiwa na miaka mitatu. Mama yake alikuwa Zaragoza, Hispania, akimtunza mzee mmoja aliyepooza. Alipiga simu kila Jumapili. Mara nyingi, walipofika kwenye maneno ya maana, mzee alimwita, na mama akasema, "Nakuja sasa hivi, mwanangu, usikate." Yurley alisubiri. Simu ilikatika yenyewe. Rafiki yake mmoja tu wa dhati, Daniela, alikuwa amehamia Bucaramanga mwezi wa pili, na ujumbe wake wa simu ulizidi kuwa mfupi.

Kazi ya Yurley baada ya chakula ilikuwa kutunza ukurasa wa mtandaoni wa Halua ya Nohemí. Alipiga picha za visanduku, akaandika maneno machache, akajibu waliouliza. Waliouliza hawakuwa wengi.

"Nimeuona ukurasa wenu," Maryori alimwambia siku moja darasani. Maryori alikuwa binti wa mwenye kiwanda kikubwa kilichokuwa na matangazo mpaka kwenye michezo ya simu. "Mna wafuasi arobaini na mmoja. Nusu yao ni wewe mwenyewe."

Waliokuwa karibu walicheka. Yurley naye alijilazimisha kucheka, maana asiyecheka anachekwa mara mbili.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Duka moja la mji jirani wa Barbosa lililochukua visanduku vyao kila wiki lilikuwa limeacha kuagiza. Bi Custodia, aliyekuwa akifunga halua kwenye majani kwa miaka kumi na tisa, aliambiwa awe anakuja siku tatu tu kwa wiki. Yurley alimwona akivua aproni yake taratibu na kuikunja vizuri kabisa, kama nguo ya sherehe.

Wiki hiyo Yurley alianza kusoma jarida moja la mtandaoni linaloandikwa kwa ajili ya watu wa matangazo. Lilikuwa na habari za kila aina: ni saa ngapi watu hufungua simu zao, rangi gani huwafanya wabonyeze, chapa ipi imebadilisha nembo. Mengi hakuyaelewa. Ila sentensi moja aliielewa mara moja: watu hawanunui kitu, wananunua uso. Chini yake kulikuwa na habari ya programu mpya ya akili bandia. Unaiandikia maneno machache, nayo inakutengenezea picha ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Yurley aliiandikia: bibi wa miaka themanini, nywele nyeupe zilizosukwa, jikoni, amesimama kando ya sufuria ya shaba, anatabasamu.

Picha ya kwanza ilimpa bibi vidole sita. Ya pili ilikosea sufuria. Ya tano ilikuwa kamili. Yule bibi alimtazama Yurley kutoka kwenye simu kama mtu aliyekuwa akimsubiri arudi shule. Akampa jina la Eduvina. Alibadilisha jina la ukurasa likawa Halua ya Bibi Eduvina, akaandika: "Napika kama mama yangu alivyonifundisha. Karibuni, wanangu."

Shangazi aliiona picha hiyo baada ya siku mbili, alipoingia ndani kunywa maji.

"Huyu bibi ni nani?"

"Ni picha tu, shangazi. Ya kupambia. Siku hizi wote wanafanya hivyo."

"Ana uso mzuri," shangazi alisema. Alifuta jasho, akarudi kwenye sufuria yake.

Ndani ya mwezi mmoja wafuasi walifika elfu sita. Maagizo yalitoka Medellín, Cali, hata kisiwa cha San Andrés. Bi Custodia alirudi siku zote sita, na akaja na mpwa wake wa kumsaidia. Hata Maryori aliacha maneno. Watu waliandika: "Bibi, umenikumbusha nyumbani." "Bibi, tuombee." "Bibi, unaonekana una afya, unakula nini?" Yurley aliwajibu wote kwa jina la Eduvina. Alisema anaamka saa tisa usiku. Alisema magoti yanamsumbua wakati wa mvua. Alishangaa jinsi uongo ulivyokuja kwa urahisi, mmoja ukimvuta mwenzake kwa mkono.

Jambo moja tu hakulitarajia. Simu ililia mchana kutwa, ila hakuna ujumbe hata mmoja uliokuwa wake. Watu elfu sita walikuwa ndani ya nyumba, na yeye bado alikula peke yake.

Kisha akaja Doña Aminta; Doña ni kama kusema Bi.

Doña Aminta alikuwa mjane wa miaka sabini na moja, mshonaji mstaafu, akiishi Tunja kwenye chumba cha ghorofa ya tatu. Ujumbe wake wa kwanza haukuhusu halua. "Bibi Eduvina," aliandika, "una macho ya dada yangu Rosalba, aliyenitoka mwaka jana. Samahani kwa kukusumbua. Nilitaka tu kumwambia mtu."

Yurley alikaa na ujumbe huo muda mrefu. Ulikuwa ujumbe wa mtu anayekula peke yake; aliutambua kama unavyotambua hatua za mtu wa nyumbani. Akajibu: "Hunisumbui. Umekula nini leo?"

Tangu siku hiyo waliandikiana kila mchana. Doña Aminta alieleza kuhusu jirani anayepiga ngoma, kuhusu baridi, kuhusu koti la mtoto alilolishona miaka arobaini iliyopita na ambalo mteja hakurudi kulichukua. Aliuliza maswali pia. Alikuwa mtu wa kwanza kwa miezi mingi aliyeuliza na kungoja jibu.

"Umelala vizuri, Eduvina?"

"Si sana," Yurley aliandika. "Nilikuwa nikimfikiria binti yangu aliye Hispania. Hupiga simu Jumapili. Mara nyingine inakatika kabla sijamwambia nilichotaka."

"Na ulitaka kumwambia nini?"

Yurley alitazama kioo cha simu kikiwaka. "Kwamba arudi," aliandika.

"Ungemwambia hata kama inakatika," Doña Aminta akajibu. "Maneno mengine mtu hawezi kuyabeba peke yake, mama. Yana uzito."

Yurley alilia kidogo siku hiyo, mdomo ukiwa umejaa wali.

Mwanzoni mwa Agosti ukaja ujumbe uliomfanya aweke kijiko chini. "Eduvina, dada yangu wewe, nimeamua. Ijumaa nitapanda basi la asubuhi nije nikuone. Nimekufumia shali ya sufu ya bluu. Usipike chochote. Nataka tu tukae."

Yurley aliusoma ujumbe huo tena. Alifikiria kumwambia ukweli. Aliandika, "Doña Aminta, mimi si," akafuta. Aliandika tena, akafuta. Mwisho akaandika: "Usije, dada. Naumwa. Daktari amesema nisionane na wageni."

Alidhani amefunga mlango. Kumbe ameufungua. Doña Aminta hakujibu siku hiyo, wala kesho yake. Alhamisi saa nane mchana, Yurley akiwa bado na sare ya shule, alisikia mtu akibisha kwa heshima, mara tatu.

Mlangoni alisimama mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya safari vilivyong'arishwa. Kwa mkono mmoja alishika begi la kitambaa, kwa mwingine chupa ya supu iliyofungwa taulo isipoe.

"Habari za mchana, mwanangu. Nimesikia Bibi Eduvina anaumwa. Sikuweza kungoja Ijumaa. Anwani nimeitoa kwenye ukurasa wenu. Mimi ni Aminta, wa Tunja. Ananijua."

Yurley alibaki ameshika kitasa cha mlango. Wakati huohuo shangazi alizima mashine, akaja sebuleni, mikono imejaa rojo la mapera.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Bibi Eduvina. Mwenye halua. Niambieni tu kama yu hai."

Shangazi alimtazama mgeni, akaitazama ile chupa, kisha akamgeukia Yurley polepole. Hapo Yurley alielewa kwamba angeweza kukaa kimya, na shangazi angebaki kujiumauma mbele ya mgeni kwa kosa asilolijua.

"Hayupo," Yurley alisema. "Hajawahi kuwepo. Nilimtengeneza kwa simu. Niliyekuwa nakuandikia ni mimi."

Doña Aminta hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Aliweka ile chupa mezani kwa uangalifu, akatafuta kiti kwa mkono bila kukiona, halafu akaghairi kukaa.

"Wewe una miaka mingapi?"

"Kumi na tatu."

"Nilimwambia habari za Rosalba," Doña Aminta alisema, kana kwamba anaongea na mtu mwingine. "Nilimwambia jinsi alivyokufa. Sikuwahi kumwambia mtu."

Akainama kidogo kumuaga shangazi, akatoka.

"Shangazi," Yurley alianza.

"Usianze na mimi," shangazi alisema. "Nenda. Huyo ndiye uliyemkosea kwanza."

Yurley alimkuta kwenye benchi la uwanja wa mji, ametazama upande wa kituo cha mabasi. Basi la kurudi lilikuwa la saa kumi. Aliketi mwisho kabisa wa benchi. Waliwaangalia njiwa. Yurley aliona kuwa hata kukaa wawili kunaweza kuwa kukaa peke yako.

"Naitwa Yurley. Naomba unisamehe, Doña Aminta," alisema hatimaye. "Nilitaka watu wanunue halua ya shangazi. Baadaye nikataka uendelee kuniandikia. Niliogopa ukijua ni mimi utaacha."

"Na yule binti wa Hispania? Simu inayokatika? Hayo nayo uliyatunga?"

"Hapana. Huyo ni mama yangu. Niligeuza tu. Nilisema binti badala ya mama."

Doña Aminta alifumba macho. "Kwa hiyo aliyekuwa hapati usingizi ni wewe."

"Ndiyo."

"Mtoto wa miaka kumi na tatu, na mimi nakushauri kama mzee mwenzangu." Alitikisa kichwa. Kisha sauti yake ikawa ngumu. "Sikiliza, Yurley. Umenieleza, vizuri. Ila usitegemee nikuambie si kitu. Ni kitu. Mwaka jana nilimzika dada mmoja, na leo nimempoteza mwingine, na huyu wa pili sina hata kaburi la kuwekea maua. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Kama unaelewa, niache nipande basi langu."

Alipanda basi lake. Hakupunga mkono. Lile begi la kitambaa aliondoka nalo, na Yurley alirudi nyumbani kwa mtaa wa nyuma ya kanisa akiwa na mawazo mazito kama mtu anayetoka mazikoni.

Shangazi alikuwa amezima moto. Jambo hilo halikuwahi kutokea siku ya kazi. Alikuwa amekaa mezani na simu aliyoiacha Yurley, akisoma mazungumzo yote tangu mwanzo, kwa kidole, neno kwa neno. Bi Custodia alisimama nyuma yake.

"Kaa," shangazi alisema. "Nilikuuliza mara moja huyu bibi ni nani. Ukanijibu jibu la juujuu, nami nikaridhika, kwa sababu visanduku vilikuwa vinatoka. Kwa hiyo kosa hili tutaligawana. Ila kulirekebisha utaanza wewe. Andika."

"Tutapoteza wateja, shangazi."

"Tutapoteza."

"Na Bi Custodia?"

Bi Custodia ndiye aliyejibu. "Mwanangu, mimi watu wananiuliza sokoni bibi yetu anaendeleaje. Nilikuwa nawajibu hajambo, nikidhani ni jamaa yenu wa shambani. Umenifanya niseme uongo bila kujua. Afadhali siku tatu."

Yurley aliandika kwa jina lake. Aliandika kwamba Bibi Eduvina ni picha iliyotengenezwa na programu, kwamba hakuna aliyeamka saa tisa usiku ila shangazi yake Nohemí, kwamba aliyejibu ujumbe wote ni yeye, na kwamba anaomba radhi. Waliotaka kufuta maagizo wangerudishiwa malipo yao. Chini aliweka picha aliyompiga shangazi papo hapo: uso mwekundu kwa joto, nywele zimenata kwenye paji, mwiko mkononi, hatabasamu.

Majibu yalikuja kama mvua ya mawe. Wengine walimwita tapeli. Mmoja aliandika kwamba watoto wa siku hizi hawana haya. Siku iliyofuata Maryori alimwuliza mbele ya darasa kama mwalimu wao ni wa kweli au naye ametengenezwa. Yurley hakucheka safari hii. Alisema, "Nilikosea, nami nimeshasema," akafungua daftari lake. Mzaha ukawa hauna utamu tena, na wenzake wakaangalia pembeni.

Wafuasi elfu mbili waliondoka wiki hiyo, na wengine elfu moja baadaye. Bi Custodia alirudi kwenye siku zake tatu, kisha nne. Hata hivyo, waliobaki walikuwa wakiandika tofauti. Waliuliza mapera yanatoka wapi, na halua inachukua saa ngapi kuiva. Mwenye duka mmoja wa Chiquinquirá alisema ametafuta muda mrefu muuzaji anayekubali kosa kabla hajashikwa, akaagiza visanduku ishirini kila mwezi.

Jumapili mama alipopiga simu, Yurley alimweleza yote haraka haraka, kabla mzee hajaita. Mwisho akasema, "Mama, nataka urudi." Kukawa na ukimya. Yurley alidhani imekatika. Haikuwa imekatika. Mama alikuwa analia. Hakuahidi lolote siku hiyo, ila alianza kupiga na Jumatano pia.

Mazungumzo ya Doña Aminta yalibaki pale pale kwenye simu, bila neno jipya. Yurley aliyafungua kila mchana baada ya kula. Agosti ikaisha. Septemba ikaingia na mvua zake.

Ilikuwa Jumanne alipoona ujumbe. Aliusoma akiwa amesimama, kisha akakimbia nao hadi kwenye sufuria, akaushika mbele ya macho ya shangazi, maana mashine ilikuwa inanguruma.

"Yurley," ujumbe ulisema. "Bado nina kinyongo kidogo na sitakuficha. Lakini leo yule jirani wa ngoma ameuza ngoma yake, na nilipotaka kumwambia mtu, niliyemfikiria ni wewe. Si Eduvina. Wewe. Umekula nini leo?"

Shangazi aliusoma mara mbili. Akanyoosha mkono, akazima mashine, na ukimya ukajaa chumba chote.

"Umeona?" alisema. "Wale elfu sita walimpenda bibi uliyemsimamisha mbele, na wewe ukabaki nyuma yake na njaa yako. Tangazo linaweza kuuza halua, mwanangu, na hakuna ubaya kusifu kitu kizuri. Lakini uso wa uongo hauleti rafiki. Mtu hawezi kukupenda kama hujamruhusu akujue. Huyu sasa anakujua, tena kwa kosa lako, na bado amekuuliza umekula nini. Usimngojeshe."

Kisha akavuta kigoda kwa mguu, akakisogeza karibu na moto.

"Kaa hapa umjibu. Na kuanzia kesho chakula chako ulete huku. Mashine itazimwa saa saba, mapera yatatungoja."

Yurley akaketi, akaanza kuandika.